ThinkPad T480 ya mtumba na sanduku la kaseti: mwezi wa nane wa kuitumia

Nianze na bei, maana ndiyo mtu anayoitafuta kwanza: laki sita na ishirini, Darajani kule Unguja, chaja ndani, mkoba ujinunulie. Nikaongeza elfu sitini ya RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Sasa ni mwezi wa nane naitumia hapa Chake Chake, Pemba, na nimeamua kuandika kwa sababu walimu wenzangu watatu wameshaniuliza nimenunua nini, na kila nikijibu "ya mtumba" wananitazama kama niliyenunua kiatu cha mguu mmoja.

Kompyuta yenyewe ni ThinkPad T480, toleo la 2018, ile nyeusi yenye kinundu chekundu katikati ya kibodi. Urembo hana. Mwanangu wa darasa la tatu aliigonga kifuniko akauliza kama ni ya polisi.

Mpya za bei hiyo zipo, na nilizishika mkononi, nisiseme uongo: nyembamba, nyepesi, rangi ya dhahabu, zinang'aa kama kadi ya harusi. Ukisoma karatasi ya maelezo unakuta prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Celeron, ya daraja la chini, RAM ya gigabaiti 4 iliyochomelewa kwenye ubao, na hifadhi ya gigabaiti 64 ambayo Windows ikishakaa ndani, wewe unabakia kuomba nafasi. Na kilichochomelewa hukiongezi wala hukibadilishi; siku kikikushinda, unatupa kitu kizima. Ya kwangu niliifungua kwa bisibisi moja mezani kwangu. Skrubu za chini hazitoki hata zikapotea, zinalegea tu na kubakia mahali pake. Ndani kuna nafasi mbili za RAM. Ilikuja na gigabaiti 8 upande mmoja, nikaweka 8 nyengine upande wa pili. Ukiweka mbili zilizo sawa, prosesa inazisoma kwa pamoja, na picha nazo zinapata wepesi kwa kuwa kompyuta hii haina kadi ya picha ya peke yake, inaazima RAM hiyo hiyo.

Dukani kuna mchezo mmoja lazima niusimulie. Vijana wa Darajani na Mlandege wameshajua kwamba mteja anataka kusikia jina la prosesa kubwa ya Intel, "i7". Wa kwanza aliniwekea i7 mezani kwa laki tano na nusu. "Dada, hii ndiyo mwisho wa maneno." Nikamwomba aiwashe, nikafungua maelezo ya mfumo: i7-6600U. Kwa prosesa za umri huo, nambari ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Hicho basi ni kizazi cha 6, na prosesa hiyo ina viini viwili, yaani vibongo viwili vya kugawana kazi. i5-8250U niliyoishia kununua ni kizazi cha 8 na ina viini vinne. Hiyo i5 inayodharauliwa inaipita i7 ile, hasa ukifungua mambo mengi kwa pamoja.

Kuna sababu nyengine ya kung'ang'ania kizazi cha 8. Microsoft ilimaliza msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiacha prosesa chache, kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi hicho. Ndiyo maana mimi siamini kabisa hizi bei zinazoporomoka za kizazi cha 6 na cha 7. Maofisi ya Ulaya yanazitoa, zinapita Dubai, zinatua Darajani, na sisi tunafurahi tumepata rahisi. Nilipomweleza hayo yule kijana alicheka. "Wewe dada mwalimu, ee?" Akafunga kompyuta yake, akanipeleka mwenyewe kwa jirani yake duka la tatu. Sijui kama walikuwa na mapatano yao, lakini alinipeleka.

Garantii wiki mbili, nikaambiwa. Kwa mtu wa Mwembeladu, pale pale mjini Unguja, hilo ni jambo. Kwa sisi wa Pemba garantii ya wiki mbili ina boti ya kwenda, boti ya kurudi na siku za kazi zilizoliwa. Piga hesabu ya nauli uone garantii imebakia wapi. Kwa hiyo majaribio yote nilimalizia pale pale kaunta, na muuzaji akikunja uso ni shauri yake. Niliizima, nikaiwasha huku nabonyeza F1 kuona kama kule ndani kwenye BIOS, programu inayoamka kabla ya Windows, kuna nywila, kwa sababu mashine za makampuni mara nyengine huja na kufuli ambalo aliyeliweka yuko Uholanzi wala hakujui. Nikachomeka flashi kila tundu. Nikajaribu kibodi kwa kuandika majina ya darasa langu zima, Abdalla mpaka Zuwena. Herufi zote ziliguswa isipokuwa Q na X, hizo nikazibonyeza peke yake.

Kubwa zaidi ni betri. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na Windows itakutengenezea ukurasa unaoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na leo imebakiwa na uwezo gani. T480 ina betri mbili: moja ndani ya tumbo, ya kama saa-wati 24, na moja nyuma inayochomoka. Za kwangu zote mbili zilikuwa zimebakiwa na robo tatu hivi. Nikapunguziwa elfu thelathini kwa ukurasa huo tu. Hizo laki sita na ishirini nilizotaja ni baada ya kupunguziwa.

Mengine nayapitia haraka. Kibodi ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuandikia, vidole vinajua vimefika. Kamera inatosha kikao cha mtandaoni na si zaidi. Skrini hakikisha unachukua ya vitone 1920 kwa 1080, kwa sababu T480 ziliuzwa pia na ya 1366 kwa 768, ambayo ukiitazama ubavuni rangi zinageuka. Barazani saa sita mchana huoni kitu, lakini jua la saa sita linashinda hata simu. Uzito unausikia begani ukipanda daladala. Inachaji kwa tundu la USB-C, na hilo limenisaidia kuliko nilivyotarajia, maana chaja moja yenye nguvu inatosha nyumba nzima; chaja ndogo ya simu ya kawaida lakini haiiwezi.

Sasa kazi niliyoinunulia. Mama ana sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani mlikuwa na kaseti 63. Chache ni taarab za kununua dukani, nyingi ni maulidi na harusi za nyumbani, na kumi na saba ni barua. Wenye umri wangu wanajua barua za kaseti: mtu yuko Maskati, kuandika anaona uvivu au hajui, anakaa na radio anasema nusu saa upande wa kwanza, anageuza, anasema nusu saa nyengine, kisha anampa msafiri. Hizi zilitoka kwa mama mkubwa. Sanduku zima lilikuwa linanuka karafuu na ukungu.

Kaseti haina njia ya mkato. Ya dakika 90 itakula dakika 90. Nilidhani nitachomeka waya wa radio kwenye tundu la hedifoni la laptopu na mambo yaishe. Mambo hayakuisha: tundu hilo ni la hedifoni na maikrofoni pamoja, na upande wa kuingiza sauti linapokea chaneli moja tu, si kushoto na kulia mbalimbali. Kwa barua si neno, lakini kwa taarab unaunganisha fidla na ala ya kanuni zikawa uji. Nikanunua kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia, elfu thelathini na tano. Programu ni Audacity, ya bure. Narekodi bila kubana, kilohezi 44.1 kwa biti 16, kipimo cha CD, inakuja kama megabaiti 10 kwa dakika, yaani kaseti ya 90 inakaribia megabaiti 950. Sauti usiipandishe mpaka igonge juu. Ikishapasuka wakati wa kurekodi, hakuna wa kukushonea.

Na kabla ya kuweka kaseti safisha kichwa cha radio kinachogusa utepe kwa pamba na spiriti. Zile za dakika 120 utepe wake ni mwembamba mno, usizirudishe nyuma kwa kasi. Nilikata moja, nikaiunga kwa mkono unaotetemeka.

Umeme ndio ulionifundisha. Siku ya tatu niliweka upande wa kwanza wa kaseti ya harusi, nikaenda jikoni kukuna nazi. Dakika ya tisa umeme ukakatika. Laptopu haikuwa na habari, ina betri mbili, ikaendelea kurekodi. Radio ndiyo iliyokufa. Umeme uliporudi, kitufe cha kuchezea kilikuwa bado kimebonyea, radio ikaanza yenyewe, sauti ikivuta taratibu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nikarudi nikakuta kazi imekamilika vizuri kabisa: dakika tisa za harusi, nusu saa ya kimya, na vifijo. Nilikuwa nimejisifia saa tano za betri kwa kila mtu aliyekuwa tayari kunisikiliza. Tangu siku hiyo radio inakula betri kubwa sita za tochi, na wala sijali bei yake. Wenzetu wa Unguja walikaa miezi mitatu bila umeme, Disemba 2009 hadi Machi 2010, wakati sisi Pemba tulikuwa bado kwenye majenereta ya Wesha na waya wa baharini kutoka Tanga haujawashwa. Mtu aliyepitia miaka ile angetakiwa kulifikiria hili kabla.

La flashi nalisema kwa hasira. Nilitaka nakala ya pili ya kila kitu nje ya kompyuta, nikanunua flashi iliyoandikwa tera 1 kwa elfu ishirini na tano. Ndiyo, najua. Bei ile peke yake ilikuwa inapiga kelele. Flashi za namna hiyo zimechezewa ndani: zinaiambia kompyuta zina tera nzima kumbe ni gigabaiti chache, na zikishajaa zinaendelea kupokea faili huku haziweki kitu. Majina unayaona, ukubwa unauona, ukifungua hakuna. Kaseti tano nilishazifuta kwenye laptopu kwa kuamini flashi. Nilizirekodi upya, masaa saba na kitu ya maisha yangu. Ipo programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza flashi yote kisha inasoma ilichoandika na kukwambia ukweli wake. Sasa sinunui flashi nisiyoweza kuipima. Nakala ya pili nimeiweka kwenye diski ya SSD ndani ya kasha la USB, na ya tatu iko kwa kaka yangu Unguja.

Nilichokosea kwa mikono yangu ni kusafisha kupita kiasi. Audacity inaweza kujifunza mvumo wa utepe na kuutoa. Nikautoa, nikautoa tena, mpaka mama mkubwa akawa anasema kama yumo ndani ya mtungi. Halafu nikagundua kwamba pamoja na mvumo nimefuta na feni, na mtoto anayelia chumba cha pili, na mlango. Nilirudi kwenye faili ghafi zote. Siku hizi nakata tu kimya cha mwanzo na cha mwisho, basi.

Jumapili iliyopita nilimwekea Mama barua ya kwanza niliyoimaliza. Spika za laptopu ni ndogo na ziko chini, nikamwekea juu ya sinia la bati iongezeke sauti. Tarehe hakuna, lakini ni ule wakati wa shida ya sukari, miaka ya themanini mwanzoni. Mama mkubwa anasalimia watu mmoja mmoja, robo saa nzima, kisha anaanza kutaja mzigo aliompa msafiri: kilo nne za sukari, kanga pea mbili, viatu vya mtoto, na miche sita ya sabuni, "na msiigawe hovyo, sabuni hii ni ya kwenu."

Mama alikuwa analia tangu salamu. Hapo akanyamaza, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kasema mingapi?"

Nikarudisha nyuma. Miche sita.

"Sita," akasema. "Mie nililetewa minne." Akakaa kidogo, akanitajia jina la mbebaji, ambalo sitaliandika kwa sababu wajukuu zake wako darasani kwangu, halafu akaniambia nirudishe tena, tena taratibu.