Uzoefu wangu: wakala wa Nairobi aliyetupangia safari ya sokwe wa Kibale

Ninachokipima hapa si msitu, maana msitu hauhitaji nyota zangu. Napima kazi ya wakala mdogo wa safari mwenye ofisi katikati ya jiji, aliyetupangia mimi na shemeji yangu safari ya kuwafuata sokwe (chimpanzee, si gorila) kwa miguu katika Msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda. Kwa jumla nimeridhika, ingawa yapo yaliyonikera na nitayafikia.

Kenya hatuna sokwe wa porini. Wale wa Ol Pejeta, kule Nanyuki, wako kwenye hifadhi iliyofunguliwa mwaka 1993 kupokea sokwe yatima waliohamishwa kutoka Burundi kwa sababu ya vita, na unawatazama ukiwa upande wa pili wa ua. Ni pazuri pa kupeleka watoto. Lakini ukitaka kumfuata sokwe ndani ya msitu wake, lazima uvuke mpaka: Gombe au Mahale huko Tanzania, Nyungwe huko Rwanda, au Uganda, ambako kuna Budongo, Kyambura na Kibale. Tulichagua Kibale kwa sababu ina sokwe wanaokisiwa kufika 1,500 na baadhi ya makundi yao yamezoeshwa watu kwa miaka mingi, hivyo kurudi bila kuwaona ni bahati mbaya ya pekee.

Kabla ya wakala huyu niliulizia bei kwingine. Wengi walinitumia karatasi yenye maneno matamu juu na tarakimu moja ya dola chini, basi. Mmoja nilimbana anitenganishie gharama, nikakuta kibali cha sokwe kimeandikwa dola 250. Hiyo ni bei ya mgeni asiyeishi Afrika Mashariki. Mgeni mkazi hulipa dola 200. Sisi raia wa Jumuiya tunalipa shilingi 180,000 za Uganda, ambazo kwa pesa zetu ni elfu sita na kitu. Bei hizo zimo kwenye orodha ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda iliyoanza kutumika Julai 2024, na haifichwi. Nilipomwonyesha, akaanza, "Unajua, mkubwa, sisi tulidhani..." Sikungoja amalize kudhani.

Niliyemchagua alinishika kwa karatasi yake. Kibali peke yake, gari peke yake, malazi peke yake, na ada yake mwenyewe ameiandika waziwazi bila haya. Haikuwa ada ndogo. Lakini mtu anayekuonyesha anapokula, unajua unashughulika na nani. Pia alikataa katakata kutushikia hoteli kabla ya vibali. "Kibali kwanza, ndugu yangu. Kitanda hakikosekani," aliniambia, na ni kweli: watu wanaoingia msituni kwa kila zamu wana kikomo, na miezi ya kiangazi, yaani Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari, nafasi huisha mapema. Tulimtumia pesa za vibali kwa M-Pesa pamoja na picha za vitambulisho, na vibali vyenye majina yetu na tarehe vikatufikia kabla hatujatoa hata senti ya hoteli. Wakala anayetaka nusu ya pesa zote kabla hujaona kibali, mimi simpi.

Sasa lawama. Habari ya homa ya manjano aliikumbuka zikiwa zimebaki siku chache tuondoke. Uganda wanataka kadi ya chanjo hiyo, na kadi huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo ujumbe wake ulikuwa kama mwavuli ulioletwa mvua ikishakatika. Ilituokoa kwamba sote wawili tulichanjwa zamani kwa safari nyingine, na tangu 2016 chanjo moja inatosha maisha yote. Jambo hilo linapaswa kuwa mstari wa kwanza wa karatasi yake, juu ya bei. Pasipoti haikutusumbua, Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa.

Tulisafiri kwa basi la usiku hadi Kampala kupitia Busia, kwa uamuzi wetu, kwa kuwa ndege ya Entebbe ingekula akiba yote. Dereva wa wakala alichelewa kutupokea na simu ya ofisini Nairobi ikawa haishikwi. Shemeji alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alipofika lakini, aliendesha vizuri, bila papara, kilomita zipatazo 300 hadi Fort Portal, kisha tukapita kwenye mashamba ya chai kuelekea msituni.

Kesho yake asubuhi tulikuwa Kanyanchu, kituo wanakoanzia wageni. Mwelekezi alitupa masharti: barakoa usoni, umbali uheshimiwe, usile mbele yao, na mwenye mafua abaki. Hawafanyi mzaha na hilo, kwani sokwe anashika magonjwa yetu ya kifua na yanaweza kumuua. Bunduki aliyobeba ni ya kuwatishia tembo. Suruali uichomeke ndani ya soksi ndefu kwa ajili ya siafu; hili wakala alitwambia mapema, na nilimshukuru kila nilipomwona mwenzetu mmoja wa kundi akirukaruka.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Kelele inaanza chini chini, inapanda, kisha dume anapiga kwa miguu mizizi mipana ya mti mkubwa na msitu mzima unadunda. Saa yako moja inaanza kuhesabiwa mnapowapata. Nusu yake ya kwanza tuliitumia tukiwa tumeinua shingo. Walikuwa juu kabisa wakila matunda ya mkuyu, na picha za simu zilitoka vivuli vyeusi juu ya anga nyeupe. Chukua darubini. Kisha wakaanza kuteremka mmoja mmoja, nasi tukawa tunawakimbilia huku tukijikwaa kwenye mizizi. Dume mmoja mzee alitupita njiani kana kwamba yeye ndiye aliyelipia kibali, akaketi, akamgeuzia mwenzake mgongo atolewe kupe. Hakuna aliyesema neno. Shemeji, ambaye tangu Kampala alikuwa akinikumbusha kuwa fedha hizo zingenunua ng'ombe, alikuwa wa mwisho kuondoka.

Kwa kazi yake nampa wakala nyota nne. Moja nimeikata kwa chanjo na simu. Tukirudi nitamwachia vibali na gari tu; basi na chumba najipangia mwenyewe.

Mchana huo tulitembea pia kwenye kinamasi cha Bigodi, jirani na msitu, ambako wanakijiji wenyewe ndio waelekezi na mapato yanabaki kwao. Tuliona mbega na ndege wengi sana. Kwenye ratiba ya wakala haikuwamo, na nikiangalia jinsi ada yake inavyokokotolewa, naelewa ni kwa nini.