Wembe wa kukunja kwa mwenye vipele vya ndevu: uzoefu wangu

Niseme mapema nisikupotezee muda: kama ndevu zako zimenyooka na wembe wa dukani unakunyoa vizuri, hiki ninachokieleza hukihitaji. Nawaandikia wanaume wenzangu wenye ndevu za kujisokota, ambao wakinyoa Jumatatu, ikifika Jumatano shingo imejaa vipele, vingine vina usaha, vingine vinawasha mpaka kola ya shati inakuwa adhabu. Mimi ni mmoja wao. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli hapa Dar es Salaam, na kazini kwetu uso unatakiwa uwe umenyolewa. Dawa ya uhakika ya vipele vya ndevu ni kuacha kunyoa, na daktari wa ngozi alinieleza hivyo bila kuzunguka. Kwangu haikuwezekana. Ndipo nikaja kwenye wembe wa kukunja, ule wa kizamani wenye mpini unaofunguka, ambao makali yakiisha unanolewa badala ya kutupwa.

Ni vizuri kwanza ujue kwa nini vipele vinatoka, kwa sababu bila hilo hutaelewa wembe huu unasaidia nini. Nyembe za kisasa zenye makali matatu hadi matano zimetengenezwa zinyoe chini kabisa. Kali la kwanza linaunasa udevu na kuuvuta nje kidogo, linalofuata linaukata, kisha udevu unarudi ndani na ncha yake inabaki chini ya ngozi. Kwa mwenye ndevu zilizonyooka hakuna tatizo, zitatoka tu. Kwa mwenye ndevu za kujisokota, ncha ile iliyochongoka inakua kwa kupinda na kuchoma nyama kutoka ndani. Mwili unaiona kama mwiba, unavimba kupigana nayo. Wembe wenye kali moja, ukipitishwa kwa kufuata uelekeo wa ndevu, unakata usawa wa ngozi na kuuacha udevu hapo hapo juu. Faida yote iko hapo.

Nilichonunua ni wembe wa Dovo, kampuni ya Solingen, Ujerumani, upana wa 5/8 ya inchi, yaani milimita 16 hivi, chuma cha kaboni, mpini wa plastiki nyeusi, ncha ya mviringo. Solingen ni mji wa wafua visu na mapanga tangu zamani, na kando ya mto Wupper wanoaji wake walizungusha mawe yao kwa nguvu ya maji. Dovo yenyewe ilianza 1906. Sikuchagua kwa jina, nilichagua kwa umbo. Upana wa 5/8 unatosha kubeba povu na bado unaona unachokifanya chini ya pua. Ncha ya mviringo ni ya lazima kwa mwanafunzi, maana ile ya mraba ina kona, na kona ikigusa sikio au pua inaingia kabla hujasikia. Ubavu wa wembe huu umechimbwa pande zote mbili hadi chuma kikawa chembamba sana karibu na makali, na wembe wa namna hiyo hutoa sauti unaponyoa. Unausikia ukikata. Sauti ikibadilika ujue umesimamisha wembe mno, au makali yameanza kuchoka. Kwa anayejifunza, sikio linafundisha mapema kuliko jicho.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Wembe mpya unaweza kuja mzuri, unang'aa, lakini makali yake ni ya kiwandani tu, ambayo yatakata karatasi na kukuumiza uso. Wangu ulikuja hivyo. Muuzaji wa mtandaoni alikuwa ameandika kwamba uko tayari kwa kunyolea, na haukuwa tayari. Ulikuwa unang'oa ndevu badala ya kuzikata. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kuutia kabatini, wakiamini kwamba ngozi yao haiuwezi.

Mimi nilibahatika kupata mwalimu. Maeneo ya Ilala kuna mzee aliyekuwa kinyozi enzi ambazo wembe huu ulikuwa ndio chombo chenyewe cha kazi. Nilimwamkia, nikamwonyesha wembe, akaulaza kwenye ukucha wa gumba kupima makali, akanirudishia. "Mwanangu, huu bado haujazaliwa," akasema. Tukaanza na kinoo.

Kunoa wembe huu ni rahisi kuliko kunoa kisu cha jikoni, na sababu ni umbo lake. Mgongo mnene na makali membamba vyote viwili vinalala juu ya jiwe kwa pamoja, kwa hiyo pembe ya kunolea imeshapangwa na aliyeutengeneza. Kazi yako ni kuulaza bapa na kuusukuma makali yakitangulia, bila kukandamiza. Vinoo vina namba, na namba ikipanda jiwe linakuwa laini zaidi. Kinoo cha namba 1000 ni cha wembe ulioharibika tu. Wembe mzima unaanza kwenye 4000, unakwenda 8000, na ukiweza unamalizia kwenye 12000. Mzee hakuwa na habari na namba hizi, alikuwa na jiwe lake la manjano lililolika katikati, lakini jicho lake liliona kila kitu. Kinoo hukihitaji kila wiki. Ukiutunza wembe kwa mkanda, yaani ule wa ngozi wa kunyooshea makali, miezi inapita kabla hujarudi kwenye jiwe.

Na mkanda ndio moyo wa jambo zima. Ningeambiwa nitaje kitu kimoja tu ambacho anayetaka kuanza akijue, ningetaja mkanda, wala nisingegusa habari za usoni. Makali ya wembe ni membamba kiasi kwamba kila ukinyoa yanapinda kidogo na kupoteza mstari wake. Mkanda unayarudisha. Una pande mbili: turubai au kitani, kisha ngozi. Unaanza na kitambaa, ambacho kinasafisha na kupasha, halafu ngozi, ambayo inanyoosha. Wembe unalazwa bapa, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma, tofauti kabisa na kwenye jiwe. Ukifika mwisho unaugeuza kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake, makali yakiangalia juu, unarudi. Ukiuzungusha juu ya makali umekata ngozi na umeua wembe kwa mpigo mmoja. Mkono mwingine unavuta mkanda uwe umenyooka, maana ukilegea unabonyea, na makali yanakuwa ya duara. Sinema zinaonyesha vinyozi wakipiga mkanda haraka haraka. Haraka haisaidii kitu. Mzee wangu alikuwa anapeleka wembe taratibu, akiongea mambo mengine, na makali yalikuwa yanaingia kwenye unywele ulioning'inizwa bila kuusukuma.

Kwa mkanda huna haja ya kuagiza mbali. Fundi viatu mzuri atakukatia ngozi ya ng'ombe laini isiyo na makovu, upana wa inchi 3 ili wembe wote ulale bila kuupeleka mshazari, na turubai atakushonea nyuma. Wangu umetengenezwa hivyo na sioni upungufu wake. Usimruhusu aupake rangi ya viatu.

Usoni sasa. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na ukisimama mbele ya kioo na wembe huu unaelewa kwa nini. Mkono wako mwenyewe unakuziba usione, kulia kunakuwa kushoto, na shavu la upande wa pili linadai mkono usiouzoea. Ushauri niliopewa, nami nautoa kwa uzito ule ule, ni kwamba wiki za mwanzo unyoe mashavu tu kwa wembe huu. Sehemu iliyobaki malizia kwa ulichozoea. Shavu ni pana, bapa, lina ndevu chache na linasamehe. Mkono ukishatulia hapo ndipo unashuka kwenye taya, kisha shingo, na kidevu pamoja na mdomo wa juu unaviacha mwisho kabisa.

Vidole vitatu vinakaa juu ya shina la wembe, yaani chuma kisicho na makali karibu na mpini, kidole cha mwisho kinalala kwenye mkia, kile kichuma kilichopinda mwishoni, gumba linashika kwa chini. Mgongo wa wembe unauinua kutoka kwenye ngozi kiasi cha nyuzi 30. Mkono mwingine unaivuta ngozi ikaze, lakini kwa mwenye vipele usiikaze kupita kiasi, kwa sababu ukiiachia udevu utazama tena ndani na utakuwa umerudia yale yale ya wembe wa makali matano. Mapigo mafupi, uzito wa wembe wenyewe unatosha. Na wembe uende mbele tu, yaani kwa upana wake. Usiuburute kamwe kwa urefu wa makali. Huko ndiko kukata nyama.

Kabla ya hapo ngozi iandaliwe: taulo la maji ya moto kwa dakika mbili tatu, sabuni ya kunyolea iliyopigwa kwa brashi hadi povu likawa zito na lenye maji ya kutosha. Povu la kopo linalobonyezwa linakauka haraka, na wembe huu hautaki povu kavu. Halafu ujue ramani ya ndevu zako. Pitisha vidole shingoni siku moja baada ya kunyoa, upande unaokwaruza ndio usiopaswa kuufuata. Shingoni kwangu ndevu za kulia zinashuka, za kushoto zinalala kuelekea sikioni, na kwa miaka mingi wembe wa dukani nilikuwa naupandisha tu juu kama kila mtu afanyavyo.

Matokeo? Vipele vipya shingoni vimekwisha, isipokuwa kimoja kimoja pale ninaponyoa asubuhi ya haraka. Madoa meusi ya vipele vya zamani yanafifia polepole sana, na wembe hauyaondoi, unaacha tu kuyaongeza. Kinachopungua ni ulaini. Nikinyoa mara moja kwa kufuata uelekeo, jioni unaweza kuhisi ndevu ukipitisha kiganja. Nimekubali. Anayetaka uso uteleze kama kioo atanyoa kinyume cha uelekeo, na vipele vitarudi hata kwa wembe huu. Kama una vipele vyenye usaha sasa hivi, subiri vipone kwanza, usipitishe chuma chochote juu yake.

Kero yangu kubwa ni hewa ya Dar es Salaam. Chuma cha kaboni na unyevu wa pwani havipatani. Ukiacha tone moja la maji kwenye makali, kesho yake unakuta kidoa. Baada ya kunyoa naosha, nafuta kwa kitambaa kikavu hadi ndani ya mpini, napitisha mkandani mara chache, kisha napaka tone la mafuta ya cherehani. Naweka kabatini chumbani, bafuni hapana. Zamani waliokuwa na uwezo walinunua seti ya nyembe saba, kila mmoja umechorwa jina la siku, ili makali yapumzike. Mmoja wenye kutunzwa unatosha.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie ule wa vinyozi wa siku hizi, unaotiwa nusu ya wembe wa dukani na kubadilishwa kwa kila mteja. Kwa saluni ndio unaofaa, tena ninasisitiza kila ukikaa kwenye kiti uone kinyozi akifungua wembe mpya mbele yako, kwa sababu ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Kwa kujinyoa nyumbani niliujaribu nikauona mkorofi. Kali lake ni jembamba, jepesi, halikupi taarifa yoyote, linakata kwanza. Wembe wa kunolewa una uzito na una ulaini wake ukitoka mkandani. Lakini kwa sababu makali ni yale yale siku zote, huu haukopeshwi, hata kwa ndugu wa damu. Na kama nyumbani kuna watoto, uufungie kwa ufunguo.

Kuhusu fedha, wembe mpya wa Solingen unazidi euro 100, na bado hujagusa kinoo, brashi wala mkanda. Kinoo kinaweza kusubiri kama una mtu wa kukunolea. Mkanda hausubiri. Kwa mfuko mdogo, wembe uliotumika wa Solingen au wa Sheffield, Uingereza, ni chuma kizuri mno kwa bei ndogo, sharti ukague. Vidoa vya kutu mgongoni havina neno. Vidoa kwenye mstari wa makali ni vibaya, maana vitabomoka kwenye jiwe. Tazama pia ufa, hasa karibu na shina, na mgongo uliolika upande mmoja. Mwombe muuzaji picha ya wembe umelazwa juu ya kioo cha dirisha, pande zote mbili: ukiona mwanga unapita upande mmoja tu, wembe umepinda, na kunoa kwake ni kazi ya fundi.