Kupanda puto Maasai Mara: uzoefu wangu mimi wa Mombasa

Tangu turudi, jamaa na majirani hapa Mombasa wananiuliza kama safari ya puto ina thamani ya pesa zile. Ina thamani, lakini kuna mambo mtu ayajue kabla ya kulipa.

Tulikwenda Agosti, mimi, mume wangu na mamake, maana nyumbu kwa kawaida huvuka kutoka Serengeti kati ya Julai na Oktoba. Tulipanda treni ya SGR pale Miritini, tukalala Nairobi, kisha tukashika barabara ya Mai Mahiu na Narok hadi lango la Sekenani. Safari inachosha, sikufichi.

Bei si ya mchezo. Wakala alitutajia dola 450 kwa kila mtu, kiingilio cha hifadhi mbali. Hakutwambia kwamba kampuni yenyewe ya puto ina bei nafuu kwa wenyeji. Tuliijua kwa sababu mume wangu aliwapigia simu akauliza. Jambo hili liliniudhi sana, kwani Mkenya ana haki ya kuambiwa bei yake.

Gari lilikuja kutuchukua saa kumi alfajiri. Mara iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezoea joto la Kisauni atatetemeka. Vaa soksi na jaketi zito. Akina mama wenzangu, chini ya buibui vaeni suruali, kwa sababu kikapu cha abiria kinalazwa ubavu na mnaingia chali, miguu juu, huku feni kubwa ikijaza hewa ndani ya kitambaa. Mama mkwe alinambia, "Mwanangu, n'shike mkono," akafumba macho akawa anasoma dua. Rubani akawasha majiko ya gesi, kikapu kikasimama taratibu. Mama alipofumbua macho tulikuwa tushaondoka ardhini wala hatukuhisi mshtuko wowote.

Lililonishangaza kuliko yote ni upepo. Sisi watu wa pwani tunaujua: wakati wa kusi huwezi kukaa kwenye mashua bila kushikilia mtandio. Huku juu, ncha ya mtandio wangu haikutikisika hata kidogo. Puto linachukuliwa na upepo wenyewe, vyote viwili mwendo mmoja, kwa hivyo haukupigi usoni. Halina usukani. Rubani anaweza kupanda na kushuka tu; akitaka kuelekea upande mwingine, hutafuta tabaka la hewa linalokwenda huko, juu zaidi au chini zaidi. Ndiyo maana huruka alfajiri, kabla jua halijapasha ardhi moto na kuuvuruga upepo. Nilimtazama saa nzima akisoma hewa kama nahodha anavyosoma bahari, nikamheshimu.

Jua lilichomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi. Majiko yanapowaka sauti ni kubwa na joto linakufika utosini. Yakizimwa, unasikia nyumbu wakiguna chini, na unawaona wamejipanga mistari mirefu, wakikimbia kivuli cha puto kinapopita juu yao. Tulishuka mpaka karibu na vilele vya miti, nikamwona ndege mkubwa juu ya kiota, tukamtazama yeye kutoka juu. Mama hakusema neno ila "Subhanallah", akairudia tena na tena.

Wakati wa kutua mnaambiwa mkae, mshike kamba, mgongo uegemee ukuta wa kikapu. Kikapu chetu kiliburuzwa kidogo kikalala ubavu, mume wangu akanilalia begani. Hakuna aliyeumia.

Kiamsha kinywa kiliandaliwa pale pale nyikani. Wageni hupewa shampeni; sisi tulisema mapema kuwa ni Waislamu, tukaletewa sharubati ya maembe na mayai, na mpishi akatwambia waziwazi soseji zipi tusiguse. Jambo hilo lilinifurahisha. Semeni siku mnapolipia, msingoje mezani.

Wajawazito hawakubaliwi, wala watoto wadogo wasioweza kuchungulia juu ya ukingo wa kikapu. Mwenye maumivu ya mgongo amuulize daktari kwanza, kwa sababu ya kutua. Na kwa kuwa hali ya hewa ikichafuka puto haliruki, dai maandishi yanayosema utarudishiwa pesa zote, na uyasome kabla ya kutuma hata shilingi.