Uzoefu wangu: digrii ya lishe na dietetiki Kenya, kuanzia biokemia hadi leseni ya KNDI

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeipunguza kwa sababu ya mafunzo ya hospitalini, na nitafika huko.

Kwanza usajili, maana hapo ndipo watu huliwa pesa. Kenya, anayetaka kufanya kazi ya lishe lazima asajiliwe na KNDI, taasisi ya wataalamu wa lishe iliyoundwa kwa sheria ya 2007. Usiulize kama chuo kinatambulika. Uliza kama kozi yenyewe, katika kampasi hiyo unayokwenda wewe, imeidhinishwa na KNDI. Chuo chenye jina kubwa kinaweza kuwa na kozi mpya ambayo bado haijapita. Angalia pia jina la digrii. Sayansi ya chakula ni kitu kingine kabisa: inakupeleka kiwandani kwenye maziwa, unga na ufungashaji, si wodini. Kujiunga na digrii kunahitaji wastani wa C+ katika KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari), na hata ukiwa nayo, bila biolojia na kemia nzuri utateseka.

Mwaka wa kwanza na wa pili ni kemia, anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia na biokemia, na wengi hulalamika kwamba hawaoni chakula popote. Mimi nasema biokemia ndiyo inayostahili ada yote. Chukua mgonjwa mtu mzima aliyekaa karibu bila kula kwa siku kumi. Ukimpa mlo kamili ghafla, insulini inapanda na kuvuta fosfati, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Damu inapungukiwa, mapigo ya moyo yanavurugika, na mtu anaweza kufa kwa kulishwa. Ndiyo maana aliye katika hatari kubwa huanzishwa kwa takriban kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, thiamini ikitangulia chakula, huku madini ya damu yakipimwa kila siku. Aliyekariri mizunguko ya biokemia kwa ajili ya mtihani tu hataliona hilo likija.

Mwaka wa tatu unakuja na lishe ya tiba, na hapa ni hesabu. Zifanye kwa mkono mpaka ziingie damuni, kwa sababu wodini simu huisha chaji. Mfano wa kawaida: mtoto mwenye utapiamlo mkali na matatizo ya kiafya, kilo 6.4, bila uvimbe mkubwa. Maziwa tiba ya F-75 ni mililita 130 kwa kilo kwa siku. 130 mara 6.4 ni 832. Gawa kwa milo 12, unapata 69.3, unaandika mililita 70 kila saa mbili, usiku na mchana. Kama amevimba mwili mzima, yaani alama tatu za jumlisha (+++), unashuka hadi mililita 100 kwa kilo, kwa sababu sehemu ya uzito unaousoma kwenye mizani ni maji: 640 gawa kwa 12, takriban 55 kwa mlo. Kosa la kila mwaka ni mwanafunzi kutumia 130 kwa mtoto aliyevimba. La pili ni kuharakisha madini ya chuma kwa sababu mtoto amepauka. Katika awamu ya F-75 chuma hakitolewi. Kinaweza kuzidisha maambukizi.

Kuandika utambuzi wa lishe ndiko kunakowaangusha hata wanaojua hesabu. "Kisukari aina ya pili" ni utambuzi wa daktari, si wako. Wa kwako una sehemu tatu: tatizo, chanzo, ushahidi. Kwa mfano: ulaji wa wanga kupita kiasi, unaotokana na kutojua kipimo cha mlo, unaothibitishwa na HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kadhaa) ya asilimia 9.8 na vikombe vitatu vya uji wa sukari kwa siku. Chanzo kiwe kitu ambacho wewe unaweza kukibadilisha. Ukiandika chanzo ni umri, umejifungia mlango mwenyewe.

Jedwali la virutubishi vya vyakula vya Kenya, toleo la 2018, liwe nawe kila siku. Mtego wake ni kibichi na kilichopikwa. Gramu 100 za mchele mkavu zina kama kilokalori 360. Gramu 100 za wali hukaribia 130, kwani sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Ukichanganya mistari hiyo miwili, mpango mzima wa mlo umeharibika. Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, upime ugali, chapati na githeri ya nyumbani kwenu mpaka jicho lizoee.

Sasa atachimenti, yaani yale mafunzo ya hospitalini. Ubora wake hautegemei chuo hata kidogo. Unategemea hospitali uliyoangukia. Kwenye hospitali ya rufaa utaona figo, kansa, majeraha ya moto na ICU (wodi ya wagonjwa mahututi). Kwenye kituo kidogo utapima watoto kwa utepe wa MUAC, yaani mzunguko wa mkono wa juu (chini ya sentimita 11.5 kwa wa miezi 6 hadi 59 ni utapiamlo mkali), utagawa chakula tiba, na basi. Vyuo vingi hukuachia utafute nafasi mwenyewe, kwa hiyo peleka barua muhula mmoja kabla. Ukifika, omba kliniki ya figo: hapo ndipo utamwambia mgonjwa achemshe sukuma kwenye maji mengi na kuyamwaga ili kupunguza potasiamu, kinyume cha yote uliyofundishwa kuhusu kutunza virutubishi.

Hifadhi nakala ya kila tokeo la muhula. Alama zikipotea kwenye mfumo, mahafali yatakupita, na bila cheti hakuna usajili. Baada ya digrii kuna mtihani wa KNDI, usajili, kisha leseni inayohuishwa kila mwaka pamoja na pointi za mafunzo endelevu.

Mwenye mawazo ya kwenda nje asidhani leseni ya Kenya itatosha. Marekani, tangu Januari 1, 2024, hukai kwenye mtihani wa usajili bila shahada ya uzamili. Uingereza jina lenyewe la dietitian (mtaalamu wa lishe ya tiba) linalindwa na sheria, na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya huko, itataka kuona saa zako za wodini, kwa maandishi. Basi kitabu cha atachimenti kisainiwe siku ileile na msimamizi mwenye namba ya usajili, kwani ukirudi baada ya miaka mitatu utakuta amehamishiwa kaunti nyingine.