Kiwanda cha Moser, Karlovy Vary: kioo kinachostahili kutazamwa kwa karibu

Mgeni anayefika Karlovy Vary, mji wa chemchemi za maji moto magharibi mwa Jamhuri ya Cheki, ninamshauri asiishie kwenye maduka ya zawadi ya katikati ya mji, bali afike mtaa wa Dvory, kwenye kiwanda cha Moser. Ludwig Moser alianza mwaka 1857 na karakana ya kunakshi vyombo vya kioo, na mwaka 1893 akawasha tanuru zake mwenyewe hapo Dvory. Leo pana makumbusho, duka, na ziara ya kuongozwa inayomfikisha mgeni karibu na mafundi wenyewe. Hiyo ndiyo inayostahili safari.

Fundi huchota donge la kioo kilichoyeyuka kwa bomba refu la chuma, hulipuliza kidogo, kisha huliingiza katika kalibu ya mbao iliyoloweshwa maji huku akilizungusha bila kusita; mvuke unaofuka kutoka kwenye mbao hutanda kati ya kalibu na kioo, na ndio unaokiacha na uso laini usio na alama ya kiungo. Kwa ufundi wa namna hii, mwaka 2023 UNESCO iliuingiza utengenezaji wa kioo kwa mikono katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la Jamhuri ya Cheki na nchi nyingine tano za Ulaya.

Kioo cha Moser hakina madini ya risasi, ambayo katika kristali nyingi (kioo king'avu cha vyombo vya thamani) huongezwa ili ing'ae zaidi na ikatike kwa urahisi. Ni kigumu, kama kilivyokuwa kioo cha potasi cha Bohemia, eneo la magharibi mwa Cheki, tangu karne ya 17, na ugumu huo humwezesha fundi wa nakshi kuchonga kwa gurudumu dogo la shaba majani na ndege wenye kina, kila unyoya ukionekana.

Dukani, ulizia vyombo vya rangi iitwayo Alexandrit, vyenye madini ya neodimi: kwenye mwanga wa jua ni vya zambarau hafifu, na chini ya taa za tyubu hugeuka buluu.

Bei ni kubwa, na kwa kazi iliyonakshiwa kwa mkono naiona ni halali. Ningechagua bilauri moja yenye mchongo wa kina kuliko seti nzima isiyo na nakshi.