Uzoefu wangu na huduma ya kuhakiki picha: maoni yanayoanzia kwenye jicho

Ukipiga picha kwa mapenzi tu, bila mteja wala mwalimu, sifa hazikupungukii. Unawaonyesha ndugu na marafiki, wanasema "kali sana", na mambo yanaishia hapo. Nilitaka zaidi ya hapo, ndipo nikajiunga na huduma ya kulipia ya mtandaoni: unapakia picha, mpigapicha mzoefu anaitazama, kisha anakurudishia maoni ya sauti huku akichora mishale na duara juu ya picha yenyewe. Nimeitumia vya kutosha kuweza kuizungumzia.

Kitu cha kwanza nilichokipenda ni fomu yao. Kabla hujatuma chochote unaulizwa: ulitaka mtazamaji aone nini kwanza? Sentensi mbili tatu zinatosha. Swali hilo ndilo linaloipa huduma hii thamani yake, maana mhakiki asiyejua ulichokusudia ataipima picha yako kwa picha ambayo angeipiga yeye.

Nilituma picha ya fundi seremala akipiga randa karibu na dirisha, nikaandika kwamba nataka mikono yake ndiyo ibebe picha. Jibu halikuanza na "nzuri" wala "mbaya". Mhakiki alieleza jicho lake lilikopita: lilitua kwanza kwenye ndoo nyeupe iliyoonekana upande wa kulia, nyuma ya bega la fundi, likahamia dirishani, na mikononi likafika mwisho. Hapo hakuna cha kubishania. Jicho hukimbilia penye mwanga mwingi, hasa weupe ukipakana na giza. Akashauri kwamba hatua moja kushoto ingetosha mwili wa fundi kuificha ndoo, na kwa picha iliyokwisha kupigwa, nififishe sehemu ile tu wakati wa kuhariri.

Kisha akaigeukia randa. Nilipiga kwa kasi ya shata (muda ambao kamera huruhusu mwanga uingie) ya 1/60 ya sekunde, na randa ikatoka na ukungu kidogo. Akauliza kama ule mwendo niliutaka. Kama niliutaka, nishuke hadi 1/15, niegemeze kamera mahali imara, ukungu uwe mwingi kiasi kwamba kila mtu ataona ni kusudi. Kama sikuutaka, nipande hadi 1/250. Ile ya katikati ndiyo inayomwacha mtazamaji njia panda. Na hakuishia kutaja namba, alitaja na gharama yake: kutoka 1/60 hadi 1/250 unapoteza takriban stopu mbili za mwanga, yaani mwanga unapungua nusu mara mbili, kwa hiyo aisoo (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) itoke 400 ifike 1600 na chenga kwenye picha ziongezeke, au tundu la lenzi lifunguliwe kutoka f/4 hadi f/2 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na sehemu inayotoka kali ni nyembamba). Ukichagua f/2 na fokasi ikiwa vidoleni, uso wa fundi utapoteza ukali. Uchague kipi? Hapo aliniachia mwenyewe, na mimi nadhani hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwenye picha nyingine alipendekeza nikate theluthi nzima ya kulia. Mimi ni mtu wa kupanga fremu kwenye kamera, na nilikuwa nimeandika hivyo kwenye fomu. Akanikumbusha kwamba hata mpigapicha Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyejulikana kwa kutopenda picha zake zikatwe, ile yake ya 1932 ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare huko Paris ilikatwa, kwa sababu aliipiga kupitia upenyo wa uzio. Nilikata. Picha ilipumua.

Si kila kitu kiko sawa, lakini. Wahakiki hawalingani. Mmoja alinirudishia kanuni ya theluthi (kwamba kitu kikuu kikae theluthi moja ya fremu, si katikati) na karibu hakuna kingine, kwenye picha ya uso wa mtu ambao nilikuwa nimeuweka katikati makusudi na kusema hivyo. Huyo hakuisoma fomu. Maoni ya rangi nayo nayapokea kwa tahadhari: kioo cha simu na cha kompyuta havionyeshi rangi sawasawa, na wao hawasemi wanatazamia wapi. Muda wa kusubiri hubadilika sana pia, ingawa hilo halinisumbui.

Kinachonisumbua ni kwamba huwezi kujibu. Mhakiki akikuuliza "mwendo huu uliutaka?", swali linabaki hewani, na picha inayofuata huenda ikaangukia kwa mtu mwingine kabisa. Wakiruhusu jibu moja tu kwa kila uhakiki, nitahamia kifurushi chao cha mwaka siku hiyohiyo. Kwa sasa naendelea kulipa mwezi kwa mwezi, na nikipata yule wa randa, nasikiliza kurekodi kwake kamera ikiwa mkononi.