Mapezi ya roketi ya mfano: sila ya mbao au karatasi?

Balsa, mbao nyepesi ya mapezi hayo, ikipakwa rangi bila kuzibwa kwa sila (kimiminika cha kuziba vinyweleo vya mbao) au kwa karatasi, mistari ya mbao hubaki ikionekana.

Sila hupakwa mara mbili au tatu, na kila mara ikikauka husuguliwa kwa msasa namba 400. Paka pande zote mbili; ukipaka mmoja tu, pezi hupinda. Harufu yake ni kali, kwa hiyo mtu mzima aipake akiwa nje na watoto washike msasa.

Kwa watoto, karatasi ni bora zaidi. Paka pezi gundi nyeupe, nyembamba sana (gundi nyingi huleta mikunjo), zungushia karatasi ya printa kuanzia ukingo wa mbele, kisha libane kati ya plastiki mbili chini ya vitabu vizito usiku kucha. Ukingo unaogusa bomba (mwili wa roketi) uachwe wazi, mbao ishikane na bomba yenyewe. Pezi hili halivunjiki kirahisi roketi ikitua, ila mkia huongezeka uzito. Pima upya uwiano wa roketi injini ikiwa ndani: kitovu cha uzito (mahali inaposawazika) kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa (mahali nguvu ya hewa inapoelemea) kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba. Umbali huo ukipungua, ongeza udongo wa kufinyangia puani.